Maswali ya Ujenzi: Kabla ya Siku ya Zege

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, najenga Kibaha kwa kudunduliza. Msingi wa nyumba ya mita 11 kwa 9 umeisha, mkanda wa zege wa chini umemwagwa tangu mwezi wa 6 na kifusi kimejazwa. Nataka kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, kabla vuli haijakolea. Fundi anasema mifuko 45 ya saruji inatosha. Shemeji yangu anasema ninunue 80 nisije nikaumbuka. Hela niliyonayo haina nafasi ya kukosea. Nimsikilize nani, na siku yenyewe nijipangeje?
*Mwalimu, Kibaha*

Marahaba, Mwalimu. Kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao, chukua futi kamba. Zege ni ujazo, na ujazo haubishaniwi.

Mita 11 mara 9 ni mita za mraba 99. Jamvi la nyumba ya kuishi mimi huwa nataka lisipungue unene wa sentimita 10, yaani inchi 4. Mita za mraba 99 kwa unene huo zinakupa mita za ujazo zisizofika 10 kwa chembe tu, basi shika 10. Zege la moja kwa mbili kwa nne, maana yake kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto, hula kama mifuko sita na nusu ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Hapo unapata mifuko 65. Ongeza mitano ya kumwagika, ya kupasuka na ya vishimo vya chini. Sabini. Mchanga uagize mita za ujazo 5, kokoto 10.

Sasa tumrudie fundi wako na 45 yake, maana hesabu hiyo haikutoka hewani. Mifuko 45 ukiigawa kwa sita na nusu unapata mita za ujazo karibu 7, na ujazo huo ukitandazwa kwenye nyumba yako ni jamvi la sentimita 7. Ama fundi anakusudia unene wa inchi 4 kweli, lakini kwa zege la moja kwa tatu kwa sita, ambalo hula mifuko minne na ushei kwa mita ya ujazo. Kwa vyovyote vile ameshakuamulia jambo bila kukuuliza. Simwiti mwizi. Mafundi wengi wamezoeshwa na wateja wanaolia bei, kwa hiyo humkatia mteja zege kimyakimya wakidhani wanamsaidia. Mkalishe, mpe chai, umuulize maswali mawili: unene gani, na uwiano gani? Akijibu waziwazi una fundi wa kufanya naye kazi. Akianza kusema "mwalimu wewe niachie mimi", tafuta wa pili kabla hujanunua hata mfuko mmoja.

Na hayo majibu yaandikeni. Karatasi moja inatosha: unene, uwiano, nani analeta mashine, nani analipa vibarua, malipo ya ufundi yanatoka mara ngapi. Nendeni nayo kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, kila mmoja atie saini mbele ya shahidi. Malipo yagawe: kiasi kidogo siku ya kuanza, kikubwa jamvi likishamwagwa na kusawazishwa, na kipande cha mwisho baada ya siku 7 za kumwagilia. Hicho cha mwisho nitakieleza.

Kuna mahali saruji yako itapotelea usipoangalia, napo ni kifusi. Umesema kimejazwa, hukusema kimeshindiliwa. Chukua kipande cha nondo ya milimita 12, kisukume kwa mikono katikati ya sebule. Kikizama futi nzima bila jasho, kifusi hicho kitaendelea kushuka chini ya jamvi, na jamvi likibaki linaning'inia litapasuka siku utakapoweka kabati. Mvua kukinyeshea miezi kadhaa hakutoshi. Kifusi hujazwa kwa tabaka la sentimita 15, linaloweshwa, linapigwa na mashine ya kushindilia, halafu tabaka lingine. Kama chako kilimwagwa chote kwa mkupuo, kodi mashine hiyo, toa nusu ya kifusi, anza upya. Inauma, najua, lakini inauma kidogo kuliko kubomoa sakafu yenye vigae.

Kikishashindiliwa, panga mawe, ziba matundu yake kwa moramu laini au mchanga, kisha pima usawa kwa mpira wa maji kila chumba. Hapa nakuomba usiwe na haraka. Uso wa chini ukiwa umeshuka kwa wastani wa sentimita 2 tu kuliko ulivyokusudiwa, nyumba yako itameza mita za ujazo 2 za ziada, nayo ni mifuko 13 ya saruji pamoja na mchanga na kokoto zake. Nimeona watu wakigombana na fundi saa nane mchana, saruji imekwisha na chumba kimoja hakijaguswa, kila mtu akidhani mwenzake ameiba, kumbe mifuko imelala chini ya miguu yao kwenye mabonde ya kifusi.

Kabla ya kutandaza nailoni nzito ya geji 1000, piga dawa ya mchwa, halafu hakikisha kila kinachopita chini kimeshapita: bomba la choo la inchi 4, bomba la maji ya bafuni, la sinki la jikoni, na kipande cha bomba tupu cha kupitishia waya wa umeme wa baadaye. Bafuni na chooni teremsha usawa sentimita 5 ili maji yasitembelee chumbani. Ziba midomo ya mabomba yote, vinginevyo zege litaingia humo na utakuja kulitindua kwa patasi.

Kama kifusi chako ni kirefu, weka wavu wa chuma wa BRC, ule wa A142 wenye waya wa milimita 6 kila sentimita 20. Vipande vipandane angalau mraba mmoja na vifungwe kwa waya. Wavu huu ukae katikati ya unene au juu yake kidogo, umeinuliwa na vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, mlivyovimwaga na kuvikausha wiki moja kabla. Mazoea ya kuulaza wavu juu ya nailoni, kisha kibarua anauvuta kwa kulabu zege likiwa limeshamwagwa, uyakatae mapema. Akishauvuta anaukanyaga tena kwa buti, na unarudi chini pale pale, hela yako ikiwa imelala mahali isipofanya kazi.

Kokoto chukua za mwamba mgumu, kama zile za Lugoba, saizi ya robo tatu inchi. Gari likifika, panda juu na futi kamba, pima urefu, upana na kina cha mzigo ndani ya boksi kabla halijamwaga. Usinunue "tripu", nunua mita za ujazo. Mchanga uusugue kiganjani: ukiacha tope la rangi, weka kiasi kwenye chupa ya kioo, tia maji na chumvi kidogo, tikisa, uache saa 3. Tope litakaa juu ya mchanga kwa mstari unaoonekana. Kimo cha tope kikizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mzigo huo usiukubali. Mchanga wa ufukweni usiulete kabisa, wala maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu chumvi itakula wavu wako taratibu ndani ya zege.

Haya, siku yenyewe. Mashine ya kukorogea ya mfuko mmoja hutoa duru moja kwa kama dakika 5 watu wakiwa wamejipanga. Duru 65 ni saa tano na nusu bila kusimama. Kwa hiyo mashine iwe imewashwa saa 1 asubuhi, mafuta yapo, na chakula cha watu kiko jikoni saa hiyo hiyo. Ukianza saa 4, mashine ikisumbua kidogo tu utamalizia gizani, na zege la gizani halisawaziki. Amua pia na fundi mahali pa kukatishia iwapo mvua au mashine italeta shida: iwe kwenye mstari wa ukuta, pamewekwa ubao wima, siyo katikati ya sebule. Kama gari la zege lililokorogwa kiwandani linafika kwenye kiwanja chako, linganisha bei. Mizigo miwili hivi ingetosha. Ila uwe na watu wa kutosha kulipokea, maana dereva hasubiri.

Kipimo ni ndoo, siyo koleo. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa kama lita 35, basi kwa kila mfuko tia ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo ya lita 20, iliyojaa na kukatwa juu kwa ubao. Koleo la kijana wa saa 2 asubuhi na koleo la kijana huyo huyo saa 7 mchana hayabebi mzigo mmoja.

Na sasa maji, Mwalimu. Kama una nguvu ya kusimamia kitu kimoja tu siku hiyo, simamia maji. Simama kando ya pipa, wewe mwenyewe, na ndoo yako. Mfuko mmoja unataka ndoo moja na robo ya maji, isizidi moja na nusu, na mchanga ukiwa umelowa na mvua ya usiku hata hiyo robo huenda isihitajike. Vibarua watakuomba uongeze. Watakuambia zege ni gumu, halitembei, mikono inauma. Ni kweli, zege la maji mengi linateleza kwenye toroli na linasawazishwa kwa dakika chache, ndiyo maana linapendwa. Lakini saruji hutumia sehemu tu ya maji yale. Yaliyobaki hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na zege lenye vitundu ni dhaifu, linapasuka, linatoa vumbi kila ukifagia. Umenunua mifuko 70 halafu unainyang'anya nguvu yake kwa kitu cha bure.

Kuna kipimo rahisi. Nenda kwa mchomelea bati akutengenezee koni iliyo wazi pande zote mbili, kimo sentimita 30, chini upana sentimita 20, juu 10. Isimamishe kwenye ubao uliolowa, ijaze zege kwa awamu tatu, kila awamu idunge mara 25 kwa kipande cha nondo ya milimita 16, kisha inyanyue koni wima taratibu. Zege litashuka. Likishuka kati ya sentimita 5 na 10 liko sawa kwa jamvi. Likisambaa chini kama uji, mwenye ndoo ameshindwa na maneno ya vibarua. Fanya hivyo duru ya kwanza, na kila utakapohisi linabadilika. Kila duru itumike ndani ya saa moja. Lililoanza kukaza lisirudishiwe maji ili "kuliamsha".

Jaza tanki la lita 2,000 jioni ya kuamkia siku ya zege na uwe na akiba pembeni, kwa sababu kukoroga peke yake kutakula kama lita 1,800, bado kuosha mashine na kulowesha.

Jioni zege likishakaza kiasi cha kutokwaruzika kwa kidole, nyunyiza maji kwa upole. Asubuhi yake zungusha vituta vya mchanga kila chumba, ujaze maji kama jaruba. Sentimita 1 ya maji kwenye nyumba yako ni karibu lita 1,000, kwa hiyo kama maji ya mgao ni tatizo, tandika magunia au mchanga uwe unaloweshwa asubuhi na jioni. Siku 7, bila kuruka hata Jumapili. Zege halikauki likawa gumu. Linakuwa gumu kwa kunywa maji, na likikauka mapema linaacha kukua. Kwa siku 7 lililotunzwa hufikia kama theluthi mbili ya nguvu yake, na nguvu inayotajwa kwenye michoro ni ile ya siku 28. Mafundi wengi wakishalipwa yote hawarudi kumwagilia. Ndiyo sababu ya kile kipande cha mwisho cha malipo.

Assalaam aleikum mama. Niko Muscat kikazi, najenga nyumba ya ghorofa moja Tanga, mpwa wangu ndiye msimamizi. Kuta za chini zimefika juu na fundi yuko tayari kusuka nondo za slabu, ile sakafu ya zege ya juu. Anasema michoro ya mhandisi ni kupoteza hela, atatumia nondo za milimita 10 kama alivyofanya kwa jirani. Mpwa ananitumia picha kila siku lakini sijui niangalie nini.
*Msomaji, Muscat*

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Mwambie mpwa wako asimamishe kazi leo. Nisamehe kwa kukuanzia hivi, lakini hapa hakuna njia ya katikati.

Jamvi la chini likikosewa linapasuka. Slabu ya juu ikikosewa inashuka juu ya watu. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam. Novemba 16, 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Nyumba yako ni ndogo kuliko hizo, ila uzito wa zege haubadiliki: mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400, na slabu ya sentimita 15 inaweka kilo 360 juu ya kila mita ya mraba kabla mtu hajaingiza kitanda. Nondo za jirani zilifuata upana wa vyumba vya jirani. Sebule yako ikiwa na upana wa mita 5 na yake mita 3 na nusu, fundi anakufanyia majaribio.

Tafuta mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Jina lake mtalihakiki kwenye bodi yenyewe. Aende saiti, siyo achore kutokana na picha zako. Kwa kuwa kuta zimeshapanda, kazi yake ya kwanza ni kuangalia kama msingi na nguzo mlizonazo zinabeba ghorofa. Akisema zinahitaji kuongezwa nguvu, msikilize, hata ikimaanisha ramadhani hii humalizi. Kibali cha ujenzi cha halmashauri nacho kiwe kinataja ghorofa, siyo nyumba ya chini.

Michoro ikipatikana, picha zitakuwa na maana. Usipokee picha ya fundi ametabasamu juu ya nondo. Taka picha yenye futi kamba imelazwa juu ya nondo, namba zikisomeka, ulinganishe nafasi na mchoro. Taka picha ya pembeni kabisa, kimo cha jicho, inayoonyesha biskuti zimeinua nondo za chini. Kwa upepo wa bahari wa Tanga mhandisi huenda akataka kifuniko cha zege, yaani unene wa zege unaofunika nondo, kiwe kikubwa kidogo, uliza ni milimita ngapi. Na kama kuna kibaraza cha juu kinachotokeza nje bila nguzo, hapo tulia uangalie mara mbili. Nondo zake kuu hukaa juu, siyo chini, kwa sababu kinachotokeza huvutika upande wa juu. Siku ya zege vibarua huzikanyaga zikalala chini, na kibaraza kinabaki hakina kitu. Mpwa wako asimame hapo mpaka pamefunikwa.

Nondo zenyewe zipimwe kwa mzani dukani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kama kilo 10.6, ya milimita 10 kilo 7.4, ya milimita 16 karibu kilo 19. Milimita 12 ikisoma pungufu ya kilo 10, ni nyembamba au ni fupi, irudi dukani.

Siku ya kumwaga, mhandisi au mwakilishi wake awepo, na zichukuliwe sampuli za zege kwenye visanduku vya sentimita 15 kila upande, angalau 6. Tatu zivunjwe maabara siku ya 7, tatu siku ya 28. Mpwa aulizie Wakala wa Barabara, TANROADS, mkoani wapi pa kupimia. Kama zege lililoandikwa kwenye mchoro ni daraja la 25, matokeo ya siku 28 yaonyeshe niutoni 25 au zaidi kwa milimita moja ya mraba. Karatasi hiyo ya maabara itakufaa kuliko picha 100, maana ndicho kitu pekee katika ujenzi huu ambacho huhitaji kumwamini mtu.

Mirunda, zile nguzo za miti zinazoshikilia slabu, isitolewe kwa sababu mbao zimeombwa saiti nyingine. Mafundi hukodi mbao kwa siku, kwa hiyo wana haraka. Kwa slabu ya kawaida ni siku 14 au zaidi, bimu ndefu siku 21, na neno la mwisho ni la mhandisi, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Gharama ya mbao za siku hizo iweke kwenye bajeti tangu sasa ili isije kuwa hoja.

Na mpwa wako mlipe. Umemwachia mzigo mkubwa, na kijana anayesimamia nyumba ya mjomba bila nauli hatasimama juani kuhesabu ndoo.

Shikamoo mama. Nimemwaga zege la baraza la nyuma hapa Dodoma, mita 4 kwa 6. Tulimaliza saa 6 mchana. Kabla ya magharibi likawa na nyufa nyingi nyembamba kama nyuzi. Saruji ilikuwa mpya. Je, ni feki?
*Dada wa Dodoma*

Marahaba. Nyufa zinazokuja ndani ya saa chache, nyembamba, zimetapakaa, huwa ni jua na upepo. Dodoma mna vyote viwili. Uso wa zege ulikauka upesi kuliko maji ya ndani yalivyoweza kupanda, ukajikunja kabla haujapata nguvu. Udongo wa chini kama haukuloweshwa nao ulinyonya sehemu yake.

Za namna hiyo mara nyingi ni za juu juu. Endelea kulimwagilia siku zake, kisha pitisha uji wa saruji kwenye nyufa. Baraza lijalo anzeni alfajiri au baada ya saa 10 jioni, lowesheni chini, na kila kipande kikishasawazishwa kifunikwe nailoni au turubai lililolowa hapo hapo.

Swali hukuliuliza lakini linakuhusu: mita 6 bila kukatishwa ni ndefu. Zege hujikunja likikauka, na lisipopewa mahali pa kupasukia huchagua lenyewe. Kwa unene wa sentimita 10 likate kila mita 3, mstari wenye kina cha robo ya unene, kabla ya siku moja kupita. Lako hilo limeshachelewa kidogo, lakini ukikata sasa kwa grainda yenye kisu cha zege bado utaokoa sehemu ambazo hazijaamua. Na litelemke kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita, maji yasisimame mlangoni.

Mama, dukani wana saruji ya 32.5 na ya 42.5. Muuzaji anasema tofauti ni bei tu.
*Msomaji, Bunju*

Siyo bei tu. Namba hizo ni nguvu ambayo saruji hiyo, ikipimwa maabara kwa siku 28, haitakiwi kuwa chini yake. Kwa zege la jamvi, mkanda, nguzo na slabu, nunua 42.5. Ya 32.5 inafaa kujengea tofali na kupiga plasta. Herufi R ikifuata namba, hiyo inapata nguvu ya mwanzo upesi. N ni ya kawaida.

Ukifika nayo nyumbani ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na utumie kwanza iliyotangulia kuingia. Iliyokaa zaidi ya miezi 3 au yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usiitie kwenye zege.